Ridhaa Thelathini na Moja

28 Oktoba

Nimeambiwa niandike, naandika. Daftari kaleta Wided, lina nembo ya shirika lao juu yake, tawi la mzeituni na kiganja cha mwanamke. Kasema, "Mama, maneno yako yanapotea bure jikoni, yaweke humu." Darasa la sita ndipo nilipoishia, lakini mwandiko wangu mwalimu aliuonyesha darasa zima. Mtoto hakuiokota akili barabarani.

Kwa yeyote atakayelisoma daftari hili nikishakufa: Wided ni mwanangu wa pekee, mwanasheria, shahada mbili za Sfax. Wako wanawake hapa Bir Zelfa wana watoto watano, na ukiwapanga wote mmoja juu ya mwingine hawafiki kiunoni mwake.

Kazi yake nimeielewa hivi. Shirika lao lina basi la matibabu linalotupitia sisi wachuma zeituni, na kila mmoja wetu ana faili humo. Kampuni ya mafuta ya zeituni inayotuajiri msimu huu inataka kuyaona mafaili hayo ili itukatie bima. Tena italeta basi la viti, tuachane na pikapu tunayosimama nyuma yake kama kondoo wa Idi. Lakini habari za ugonjwa wa mtu haziazimwi kutoka shirika kwenda kampuni kama sufuria. Lazima kuwe na msingi wa kisheria. Na wa kuutafuta huo msingi ni nani? Mwanangu.

Mkataba wake ni wa majaribio, unakwisha Januari. Mkurugenzi wake, Bi Besma, kamwambia waziwazi: niletee makubaliano yasiyovuja, nafasi ni yako ya kudumu.

2 Novemba

Wided kala kijiko kimoja cha kuskusi akaacha. Namuuliza, anasema, "Mama, hakuna msingi mwingine ila ridhaa. Kila mwanamke akubali kwa maandishi, na kwa hiari yake."

"Si watakubali."

"Anayeogopa kukosa kazi hakubali. Anatii. Nikiandika ukweli, msingi haupo, na makubaliano hayapo."

Na nafasi ya kudumu nayo haipo, hilo hakulisema, nililisema mimi moyoni. Nikamwambia, "Mwanangu, unasumbuka na jambo dogo. Wapeleke wote baladia, ofisi ya mji, wakathibitishe saini zao. Mtu akishasimama mbele ya karani na kitambulisho mkononi, na muhuri wa serikali ukagongwa juu ya jina lake, nani atasema hakutaka? Nchi hii nyumba inauzwa hivyo. Ndugu wanagawana urithi hivyo."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akavuta kalamu, akaandika. Shahada mbili, na jibu limetoka kwa mama yake anayemenya kitunguu.

5 Novemba

Mvua bado. Zeituni zimekunjamana kama uso wa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu.

9 Novemba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na fomu za Wided kwenye kikapu, juu yake nimetandaza kitambaa safi kama nimebeba mikate. Fomu inasema: mimi fulani naridhia shirika liipe kampuni taarifa za afya yangu kwa ajili ya bima. Wanawake thelathini wamekubali. Wengine hawakutaka hata nimalize kusoma. "Kama kaandika Wided, leta."

Aliyebaki ni Jannet.

Jannet ni jirani yangu, ukuta wake ndio ukuta wangu, jiko la mkate tunatumia moja mwaka wa ishirini sasa. Mjane, bintiye kaolewa Gafsa. Katika kuchuma hana mpinzani. Akishavaa vidoleni zile pembe za mbuzi tunazochania matawi akapanda ngazi, tawi linabaki uchi kabla mimi sijapata pa kuweka mguu. Nilimkuta na wenzake wawili wanachambua pilipili za harisa.

"Jannet, hapa. Saini."

"Ya nini?"

"Ya bima, dada. Ya basi la viti."

"Makalio yangu yamezoea kusimama."

Wale wawili wakacheka. Nami nikachangamka. "Mwenzetu unaficha nini humo kwenye faili? Mimba?"

Ana miaka hamsini na moja. Walicheka mpaka mmoja akajipaka pilipili machoni. Jannet naye alicheka, lakini alichelewa.

"Mambo ya mwili wangu nilimwambia nesi, Mama Wided. Sikukiambia kijiji."

"Kwani kijiji ndicho kitakachoambiwa? Ni Wided! Uliyembeba mgongoni mwenyewe!"

"Huyo Wided niliyembeba, mwambie aje tuzungumze peke yetu."

Nikamjibu kwamba Wided ni mtu wa ofisi, hana muda wa kubembeleza watu majikoni. Nilirudi nyumbani damu inachemka. Kiburi cha maskini hakina dawa.

14 Novemba

Siku ya baladia. Nimejitanda safsari yangu nyeupe ya harusi za watu. Tulipanga foleni hadi nje, karani akauliza, "Leo mnaiuza nchi?" Nikamwambia, "Mwanangu ndiye kaandika hizo karatasi, kaka, gonga muhuri uone sifa." Saini yangu ndiyo ya kwanza. Karatasi namba moja ni mimi, Hedia.

Jannet alikuja, akasimama upande wa pili wa barabara na kitambulisho mkononi, havuki wala haondoki. Nilimfuata. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba kampuni imesema ni wote thelathini na mmoja au hakuna hata mmoja. Akikataa yeye, wenzake wote watasimama kwenye pikapu msimu mzima na kama mmoja atadondoka, basi.

Hilo la wote au hakuna nililitia mimi. Wided hakulisema, wala kampuni haikulisema. Lakini nani angedhurika?

Wanawake wakaanza. "Jannet, wee! Unatuponza!" "Mwacheni, ana siri ya malkia huyo." Akavuka. Mbele ya karani mkono wake ulitulia kabisa. Muhuri ulipogongwa akanitazama, akasema, "Haya, Hedia. Mbebe mwanao."

Wided alipozihesabu zile karatasi jioni alinikumbatia kama alivyokuwa mdogo. Sikuuliza tena habari ya hiari, naye hakuisema.

21 Novemba

Basi la viti limekuja! Jekundu, lina pazia. Nimekaa mbele kabisa nyuma ya dereva, na kila aliyepanda nilimwambia, "Karibu kwenye basi la Wided." Jannet kakaa nyuma. Kanipa nusu ya mkate wake njiani, basi nikajua hasira imekwisha.

26 Novemba

Kuchuma. Mgongo.

3 Desemba

Asubuhi nyapara wa kampuni, mmoja anaitwa Mongi, kapanda basini na karatasi kabla dereva hajawasha. Kasema bima imejibu. Kataja majina matatu ya wasiopanda tena. Wa kwanza moyo, wa pili mimba ambayo mumewe mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Alivitaja hivyohivyo, jina na ugonjwa, kama anasoma bei za sokoni. Wa tatu akasema, "Jannet. Wewe wa kifafa, shuka. Bima haipandishi kifafa kwenye ngazi."

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

Jannet akasema, "Miaka tisa sijaanguka. Nameza dawa."

"Karatasi haikusema umeanguka. Imesema kifafa. Shuka, mama, tunachelewa."

Akatoka kiti cha nyuma hadi mlangoni. Wako waliovuta nguo zao asiwaguse. Mmoja, yuleyule wa pilipili machoni, akatema mate dirishani akasema audhubillahi. Jannet alipofika kwangu alisimama, nikafikiri atanitukana. Hakunitukana. Kanitazama tu kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Nami najua nilichofikiri wakati ule, na kwa kuwa daftari ni langu naandika. Nilifikiri: miaka ishirini tunaoka pamoja, na hukuniambia?

4 Desemba

Nimempigia Wided. Kasema, "Makubaliano yanasema kampuni itumie taarifa kwa ajili ya bima. Bima imekataa kumwandika, kampuni ikamwacha. Matumizi ni yaleyale, Mama."

"Na kumtangaza basini?"

"Hilo ni kosa. Nitawaandikia barua."

"Barua kali?"

"Barua, Mama."

6 Desemba

Nimeoka peke yangu. Mkate umeungua upande mmoja.

9 Desemba

Jannet kaja, hakukaa. Wanyapara wa mashamba mengine manne wamemkataa. Mongi amewaonyesha orodha, wamekunywa chai juu yake.

"Nataka jina langu lifutwe," akasema. "Kule na huku. Popote. Mpigie mwanao, niongee naye mwenyewe."

Nikaweka simu mezani, sauti juu. Wided alimsalimu vizuri, kama mama yake mdogo, "Khalti Jannet, habari ya afya?" na Jannet akajibu, "Unayo wewe, nisome." Nilitamani ardhi ipasuke.

Wided akamweleza taratibu. Haki anayo. Anaweza kuiondoa ridhaa yake leo hii, na kuomba kila kitu kifutwe, shirika lifute na kampuni ifute, na yeye Wided ataandika hati ya kuthibitisha kwamba vyote viwili vimefutwa. "Ila, Khalti, faili likifutwa, basi la matibabu halitakujua. Dawa zako zinatolewa kwa faili. Itabidi uanze upya kwa daktari, na daktari wetu harudi mpaka Machi."

"Zahanati ya serikali?"

"Huko dawa hiyo haipo tangu kiangazi. Unajua mwenyewe."

Jannet akafikiri. Si sana. "Nina vidonge vya wiki tatu. Futa."

"Khalti, tafadhali, fikiria kwanza..."

"Wakati wa kuniambia nifikirie ulikuwa kabla ya muhuri. Futa."

Nilitegemea Wided atambembeleza, ana ulimi wa asali yule mtoto akitaka. Kasema tu, "Sawa. Ni haki yako." Alipokata simu nilihisi baridi, kama mtu kafungua mlango.

12 Desemba

Hati imefika kwa Jannet. Karatasi nzuri, nembo, saini ya Wided chini: taarifa zote zimefutwa kwa shirika na kwa kampuni. Jannet kaikunja mara nne, kaiweka kifuani. Saini ya mwanangu inapendeza, ina mkia kama wa swala.

19 Desemba

Baridi. Pembe zinateleza vidoleni.

24 Desemba

Jannet kapata kazi. Ni kwa Lazhar, dalali wa vibarua asiyeuliza jina la mtu wala la baba yake. Nimemwona akipita nyuma ya pikapu, wamesimama kumi na wanane, upepo umewakaza nyuso. Basi letu jekundu likawapita. Mmoja wetu akapunga mkono kwa dhihaka, wa kule nao wakamrudishia kwa ishara ambayo siiandiki.

3 Januari

Nimempelekea Jannet sahani ya kuskusi kwa kongoro. Nikamuuliza, taratibu, vidonge vimebaki vingapi.

"Ukitaka kujua habari zangu, kaulize kampuni."

Lakini sahani kaipokea. Na alipokuwa anairudisha, keshaiosha, akasema, "Hedia, ile siku ya baladia. Kweli walisema wote au hakuna?"

Nikasema, "Kweli."

Akatikisa kichwa. "Basi nisingeweza kufanya vingine."

Nimeandika hili mara mbili kwenye karatasi nyingine nikachana. Sasa naliacha hapa.

8 Januari

Mvua hatimaye, siku mbili mfululizo. Hatujachuma. Wided kapiga simu, Bi Besma kayaonyesha makubaliano yake kwenye mkutano wa Tunis. Kayaita ya mfano.

11 Januari

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Saa sita mchana bintiye Lazhar kaja mbio shambani kwetu, mashamba yanapakana. Jannet kashikwa akiwa juu ya ngazi. Nilikwenda na pembe vidoleni. Kaanguka kwenye nyavu zinazotandazwa chini ya miti, zeituni zimemwagika kote, na mwili unaruka, unaruka, haukomi. Wanawake wamesimama duara kubwa, hakuna anayemshika, mmoja anasoma Kursi kwa sauti. Nikamlaza ubavu, nikamshika kichwa, nikavua pembe zangu kwa meno.

Lazhar hakutaka kumpeleka hospitali kwa pikapu yake. "Watauliza kibali changu cha kubeba watu." Nikamwambia nitamtoa macho kwa pembe hizi hizi. Akampeleka.

Daktari ni msichana, mdogo kwa Wided, nywele hajazichana tangu jana. Jannet alitulia kidogo, kisha akaanza upya, kisha upya. Daktari akanigeukia, "Mama, anatumia dawa gani?"

"Sijui."

"Kuna dawa yoyote inayomdhuru? Iliyowahi kumvimbisha, kumkaba pumzi?"

"Sijui, binti yangu."

"Nani anajua? Ana faili wapi?"

Nikasema nipe dakika. Nikatoka uani, nikampigia Wided.

Nilipomweleza akasema, "Ipo. Ipo moja. Iliandikwa kwa wino mwekundu juu ya faili, marufuku apewe. Mwaka ule alizaliwa bintiye walimpa ikakaribia kumuua."

"Alhamdulillahi! Jina lake?"

Nikasikia mlango wake ukifungwa.

"Wided. Jina lake."

"Mama, nisikilize. Kampuni haijafuta, nakala yao bado ninaiona hapa. Niliwaandikia mara tatu, hawakujibu, na Bi Besma aliitaka ile hati siku ileile. Nikasaini kwamba wamefuta. Saini yangu, Mama. Nikitoa habari kutoka faili ambalo nimethibitisha halipo, hospitali itaandika, itauliza imetoka wapi. Huo ni uongo kwenye hati. Si kazi tu, naweza kushtakiwa."

"Niambie mimi. Nitasema kaniambia mwenyewe."

"Watakuuliza lini, mbele ya nani. Dakika hii umesema hujui. Mji mzima unajua wewe ni mama yangu, unawaambia wewe mwenyewe kila siku." Akashusha sauti. "Na dawa ziko nyingi, Mama. Pengine hawana hata hiyo. Pengine hawatampa hiyo."

"Sheria inasema nini? Wewe ndiye unayejua sheria."

"Sheria inaruhusu," akasema mwanangu. "Kuokoa uhai ni msingi, hauhitaji saini ya mtu. Mama, usinitaje. Nakuomba. Zimebaki wiki tatu za majaribio."

Nilirudi ndani. Kutoka uani hadi kitandani ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu kwa sababu nilizipita taratibu. Ningeweza kusema, binti yangu anajua, hii namba yake, mpigie, mbane. Daktari alikuwa na bomba la sindano mkononi tayari.

"Umepata mtu anayejua?"

Nikamwona Wided na kofia ya mahafali. Wallahi, ndicho nilichokiona.

"Hakuna," nikasema. "Hana mtu."

Akamdunga.

12 Januari

Koo lilivimba, pumzi ilikatika muda mrefu. Yu hai. Daktari kaniuliza tena kama kweli hakuna aliyejua, akilia. Nimembembeleza, nikamwambia hakukosea.

15 Januari

Yu hai.

22 Januari

Wamemrudisha nyumbani. Upande wa kulia umekufa, maneno hayatoki. Bintiye kutoka Gafsa ana mtoto wa miezi miwili, kakaa siku nne, kaondoka. Kaniachia ufunguo, kanibusu mikono yote miwili. "Mungu asingekuleta wewe, Khalti, mama yangu angekuwa peke yake duniani."

Ile hati ya kufutwa waliikuta kifuani mwake hospitali. Bintiye hajui kusoma. Nikamwambia ni karatasi ya zamani, nikaichukua.

27 Januari

Namlisha mara tatu kwa siku. Uji wa bsisa kwa maziwa ndio unaoshuka. Wanawake wote wanakuja kunitazama nikimlisha, hata yule wa mate dirishani. Imamu kanitaja Ijumaa, bila jina, lakini kila mtu alijua. Jannet ananifuata kwa macho nikienda, nikirudi. Sijui anakumbuka nini. Namwambia hadithi za Wided, nani mwingine nitamhadithia.

31 Januari

Wided kaja na mkataba wa kudumu. Ana cheo, neno refu. Nimechinja jogoo, nimeita majirani, wamekuja wote kwa heshima yangu. Nimesimama mbele yao nikasema, huyu ndiye mwanangu, kampuni mbili zinasubiri kalamu yake. Walipiga vigelegele, nami nikapiga, na ukuta wa pili unasikia kila kitu.

Wageni walipoondoka tukabaki wawili tunaosha sahani. Nikamwambia, "Sasa niambie. Ile dawa inaitwaje?"

Akaniambia. Papo hapo, mikono ndani ya maji, kama ninamuuliza saa ngapi.

Ni jina dogo tu. Hata kwa elimu yangu ya darasa la sita nimelishika mara moja bila kurudiwa. Ningelibeba zile hatua kumi na mbili bila kulidondosha. Kisha nikachukua bakuli la bsisa, nikaenda kumlisha.